Herufi Nne za LILO: Historia ya Kompyuta Zilizokataa Kuamka

Ndugu Mhariri aliponiomba makala ya historia kwa toleo hili, nilidhani anataka habari za mabweni, shamba la shule, au ile timu yetu ya mpira ambayo kila mkutano inazidi kuwa bora kuliko ilivyokuwa kweli. Habari hizo wamekwisha kuziandika wenzangu, tena vizuri kuliko niwezavyo mimi. Nimeona afadhali niandike historia ambayo wengi wetu tumeiishi bila kuitambua, yaani historia ya kompyuta zilizowashwa, zikavuma, zikaonyesha herufi mbili tatu kwenye kioo, halafu zikanyamaza. Chama chetu kimeazimia kukusanya kompyuta kuukuu kwa ajili ya chumba cha kujifunzia kule Kewanja, na katika kikao nilichohudhuria nilimsikia ndugu mmoja akisema kwamba kazi yote ni kupata mashine. Siafikiani naye, na makala haya ndiyo jibu langu.

Nchi yetu ilipata kompyuta mapema. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilifunga mtambo wa ICT 1500, wa kampuni ya Kiingereza ambayo mwaka 1968 iliungana na nyingine ikawa ICL. Nia ilikuwa njema: hesabu za Serikali zitoke kwenye madaftari ziingie kwenye mtambo. Lakini mradi ule ulikwama. Wataalamu waliojua mtambo ulivyokuwa ndani walikuwa wageni, nao wageni huja na kuondoka. Hesabu zilivurugika, na hatimaye kazi ikarudishwa kwenye njia za zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni bila kibali. (Ndugu zetu wa Zanzibar wakati huo walikwisha kuanza kutazama televisheni ya rangi, sisi wa Bara tulingoja hadi 1994.) Vizuizi vya kompyuta vilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980.

Vijana wa leo husimuliwa kisa hiki kama kichekesho. Mimi sicheki. Serikali maskini iliyolipa fedha za kigeni kwa mtambo usioweza kurekebishwa na mwananchi hata mmoja ilikuwa na sababu ya kukasirika. Nilichowahi kubishana na wenzangu tangu Mlimani ni kama dawa ilikuwa kuzuia mashine au kusomesha watu. Waliosoma hawakuweza kujifunza kutoka mtambo ule kwa vyovyote, maana programu zake zilikuja zimekwisha kupikwa na kufunikwa, na aliyekuwa na sufuria alikuwa London.

Hapo ndipo inapoingia habari ya kerneli. Kerneli ni kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta. Ndiyo inayogawa muda wa prosesa, ndiyo inayoongea na diski, kibodi na mtandao, na programu nyingine zote huomba kwake kama tulivyokuwa tukiomba ukoko kwa mpishi. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, jina lake Linus Torvalds, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo wa namna hiyo kwa ajili ya kompyuta ndogo za prosesa 386. Toleo la kwanza, 0.01, likatoka mwezi Septemba, na toleo 1.0 mwezi Machi 1994. Mfumo ule, Linux, ulikuja na sufuria pamoja na viungo: maandiko yote ya programu yalitolewa wazi, na kila mtu aliruhusiwa kuyasoma, kuyabadili, kisha kuyakompaili, yaani kuyageuza kutoka maneno yanayosomeka na binadamu yawe namba zinazofuatwa na mashine.

Mimi nilikuwa Mlimani kati ya 2001 na 2005. Ilikuwa miaka ya shauku. Mwaka 2004, mathalani, mradi wa Kilinux pale pale Chuo Kikuu, kwa kushirikiana na Waswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kerneli iliyokuwa mikononi mwetu ilikuwa 2.4, ambayo ikifungwa kwa kubanwa ilikuwa na ukubwa wa takriban megabaiti 30. Kwa laini ya simu ya enzi zile, hata isipokatika, hiyo ilikuwa zaidi ya saa nzima. Nasi hatukuwa na laini isiyokatika. Kwa hiyo maandiko hayo yalisafiri kwa CD, kutoka mkono hadi mkono, zikiwa zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito na zimekwaruzwa kama sahani za santuri. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, sisi tulikwisha kuzeeka katika mambo hayo.

Mtu ataniuliza: kwa nini mwanafunzi ajisumbue kukompaili kerneli yake mwenyewe, wakati iliyo tayari imo kwenye CD? Huko ng'ambo wengi walifanya kwa kupenda. Sisi tulifanya kwa umaskini. Kompyuta tulizozipata zilikuwa zimestaafu Ulaya, zenye kumbukumbu ya megabaiti 16 au 32, na kerneli ya kwenye CD ilikuwa imebebeshwa draiva za vifaa ambavyo mashine ile haitaviona maishani mwake. Ukiunda ya kwako, ukaacha yasiyohitajika, mashine ilipata nafasi ya kupumua. Ubaya wake ni kwamba ukiacha kinachohitajika, haiamki.

Kuamka huko wataalamu hukuita kubuti. Kunafanana na mbio za kupokezana kijiti. Umeme ukiingia, programu ndogo iliyochomwa ndani ya chipu, BIOS, huanza. Hukagua kumbukumbu, hutafuta diski, husoma baiti 512 tu za mwanzo kabisa wa diski, kisha huzipa kijiti. Ndani ya baiti hizo kuna kipakizi, programu ya kuipakia kerneli. Kipakizi huipata kerneli na kuipa kijiti. Kerneli hujikunjua, hutambua vifaa, hushika diski yenye mfumo mzima wa mafaili, kisha humwita mtumishi wa kwanza aitwaye init, naye huwaamsha wengine wote. Kompyuta isipoamka, hapana budi kijiti kimeanguka kati ya wakimbiaji wawili, na kazi ya fundi ni kujua ni wawili gani. Asiyejua atapangusa vumbi, atabadilisha nyaya, ataifuta diski yote na kuanza upya, na data za watu zitakwenda na maji.

Kipakizi kilichotufundisha hayo kiliitwa LILO, kilichoandikwa na Werner Almesberger kuanzia 1992. Kwa uzuri wa sura hakikuwa kitu, lakini kilikuwa na tabia moja ambayo mpaka leo naiona ya heshima sana: kiliandika jina lake herufi moja moja kadiri kilivyopiga hatua. Herufi L ikisimama peke yake, sehemu ya kwanza imeanza lakini haikuweza kuipakia sehemu ya pili, na mara nyingi hufuatwa na namba za kosa zinazojirudia. LI ikisimama, sehemu ya pili imepakiwa lakini imeshindwa kuanza. LIL, sehemu ya pili imeanza lakini haikuweza kusoma orodha ya mahali kerneli zilipo. LIL ikifuatwa na kistari, orodha imesomwa lakini imeharibika. LILO kamili, sehemu zote za kipakizi zimepakiwa. Lawama zote zihamie kwenye kerneli.

Ajabu yake nyingine ndiyo iliyowaumiza wengi. LILO hakikuyajua majina ya mafaili. Kilikariri mahali hasa kwenye diski ambapo kerneli imelala, kama posta anayekariri kwamba barua za fulani hupelekwa kwenye mlango wa tatu kushoto, bila kujua nani anakaa humo. Mwenye nyumba akihama, barua huenda kwa mgeni. Kwa hiyo kila ulipoweka kerneli mpya, au kusogeza faili lolote la kuamshia, ilikubidi uiendeshe tena programu ya lilo ikariri upya. Amri ya neno moja.

Mwaka 2006 nilikuwa mtumishi kijana katika ofisi moja ya umma ya Kanda ya Ziwa, ambayo sitaitaja. Ilikuwa wiki ya kuhakiki wastaafu. Orodha yao ilikuwa kwenye kompyuta moja kuu iliyoendesha Slackware, na mzabuni mmoja, naye simtaji, alikuja Ijumaa kuikompailia kerneli mpya ili ipokee kadi mpya ya mtandao. Diski ilikuwa imejaa, basi akayahamisha mafaili ya kuamshia kwenda mahali pengine, akaifuta kerneli ya zamani kupata nafasi, akaondoka na basi la jioni. Jumatatu asubuhi kioo kilikuwa na herufi tatu na kistari.

Nje, kwenye benchi la zege, walikaa wazee wapatao thelathini wakiwa na mafaili yao ndani ya mifuko ya nailoni. Mmoja alikuwa mwalimu wetu. Wasomaji waliopita darasani kwake watamjua nikisema tu kwamba hakuwahi kukubali jibu lisilo na njia yake. Alikuwa amelala gesti usiku ule, na fedha ya gesti ya usiku wa pili hakuwa nayo. Mkuu wa ofisi alikwisha kuagiza diski ifutwe na mfumo uwekwe upya, halafu wazee warudi baada ya mwezi mmoja kujaza fomu tena.

Nikamwomba saa mbili. Kistari kile kilikwisha kunieleza kwamba diski ni nzima na orodha ya wastaafu haijaguswa, kilichoharibika ni kumbukumbu ya posta peke yake. CD ya Slackware ilikuwa na hisani moja kubwa: ilibeba kerneli kadhaa tayari, nyingine za diski za IDE, nyingine za SCSI, na iliruhusu uamshe kerneli ya kwenye CD huku ukiielekeza ikashike mfumo ulioko kwenye diski yako. Diski yetu ilikuwa SCSI. Nikaandika jina la kerneli hiyo, scsi.s, nikafuatisha mahali mfumo ulipo, na mashine ikaamka. Wazee wakaanza kuitwa kwa majina kabla ya saa tano.

Jioni, watu walipoondoka, nikarudi kwenye kerneli ya mzabuni. Niliiendesha lilo, ikajibu kwamba imeongezwa, nikazima na kuwasha. Safari hii herufi zote nne zikatokea, maandishi yakateremka kama mvua, kisha yakakoma kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kiwewe: kerneli imeshindwa kuishika diski yenye mfumo. Nilikuwa nimelitazamia. Unapoiandaa kerneli, kila draiva hupewa moja ya majibu matatu: iingizwe ndani, iwekwe kando kama moduli ya kuitwa baadaye, au isiwepo. Mzabuni aliiweka draiva ya diski ya SCSI kando, kama moduli. Na moduli hukaa wapi? Kwenye diski ile ile. Ni ufunguo uliofungiwa ndani ya chumba unachokifungua. Ipo njia ya kumtolea kerneli ufunguo dirishani, kifurushi kidogo kiitwacho initrd kinachopakiwa pamoja nayo, lakini hakukiandaa. Niliibadilisha draiva ile iingie ndani, nikakompaili tena, karibu saa nzima kwa mashine ile, nikaiweka kerneli mpya ubavuni mwa nyingine iliyojulikana kuwa nzima, kila moja na jina lake kwenye orodha ya LILO. Tangu hapo ofisi ile haikufuta kerneli nzima kabla ya mpya kulala na kuamka siku kadhaa.

Sasa niingie Kewanja. Wengine mnatoka mbali, basi niseme kwamba kijiji chetu kiko eneo la Nyamongo, wilaya ya Tarime, na ukivuka Mto Mara kwenda kusini umefika Serengeti. Watu wa nje hulijua eneo hili kwa dhahabu, maana mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Tulipokuwa shule taa tulizozijua ni za kandili. Mwaka 2008 kijana mmoja aliyemaliza miaka mitano baada yetu alifungua chumba karibu na soko, na ndani yake kompyuta nne kuukuu na jenereta. Jenereta ilijilipa kwa kuchaji simu. Kompyuta hazikujilipa kwa lolote.

Mashine bora kati ya zile nne ilikuwa na prosesa ya Pentium ya zamani. Kwa kuwa ilikuwa polepole mno, kijana alikwenda Musoma akakompailia kwenye kompyuta ya Pentium III ya rafiki yake, akarudi na kerneli kwenye diski laini ya megabaiti 1.44. Kerneli za 2.4 zilikuwa bado zinaweza kuandikwa moja kwa moja kwenye diski laini na kuamka bila kipakizi, jambo ambalo 2.6 iliyotoka Desemba 2003 ililiondoa. Akawasha. Ukatokea mstari unaosema kerneli inajikunjua, ukafuata usemao inaanzishwa, kisha giza. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja simu yake akauliza, “Mura, hiyo redio yenu mbona haisemi?”

Alinipigia usiku ule. Nilimwuliza swali moja tu: kwenye orodha ya aina za prosesa alichagua nini? Alikuwa amechagua Pentium III, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele yake. Kerneli iliyokompailiwa hivyo hutumia maagizo ambayo Pentium ya zamani haiyajui, nayo hufa kabla haijapata nafasi ya kulalamika. Ukimya baada ya mstari ule una sababu nyingine pia, hasa kwa 2.6, pale mtu anaposahau kuingiza draiva ya kioo chenyewe: mashine huwa imeamka vizuri kabisa ila haina mdomo. Lakini kwake ilikuwa prosesa. Hakuwa na nauli ya kurudi Musoma, basi akaamua kukompailia pale pale Kewanja.

Kazi ikakatika njiani. Akarudia, ikakatika mahali pengine. Mara ya tatu, pengine tena, na kila mara kwa ishara namba 11. Hapa kuna kanuni ambayo naomba vijana wa chumba kile waiandike ukutani: kompaila ikikatika kila mara mahali pale pale, kosa liko kwenye maandiko au kwenye chaguo zako, ikikatika kila mara mahali tofauti, ishuku kumbukumbu ya mashine, joto, au umeme. Kukompaili kerneli huijaza kumbukumbu na kuichosha prosesa kwa saa nyingi mfululizo, hata kipande kibovu ambacho barua na hesabu za kawaida hazikigusi hujulikana. Alichomoa kimoja cha vipande viwili vya kumbukumbu, akaanza saa mbili usiku kulipopoa, akajaza jenereta mara mbili. Alfajiri kompyuta iliamka kwa kerneli iliyotengenezwa Kewanja. Nimekwenda London mara moja kwa kozi, na nakiri hakuna nilichokiona kule kilichonifurahisha kama simu ile.

Mambo yamebadilika tangu hapo. GRUB, kipakizi kilichoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995, kinayajua mafaili kwa majina, hivyo kisa cha posta kimekwisha. Maendelezo ya LILO yalisimamishwa mwishoni mwa 2015. Kuanzia 2006 na 2007 draiva mpya zilibadilisha majina ya diski za kawaida, hda ikawa sda, na kerneli nyingi nzima zikapatwa na kiwewe kwa kutafuta jina lililokufa. Ndiyo sababu siku hizi diski huitwa kwa namba yake ya kipekee. Kerneli 3.8 ya mwaka 2013 iliiacha prosesa 386 ambayo Torvalds alianzia. Kosa la kawaida sasa ni sehemu ya kuamshia kujaa, kile kifurushi cha dirishani kikaandikwa nusu.

Lakini lipo kosa jipya ambalo linanishughulisha zaidi. Tangu 2012 kompyuta nyingi huuzwa zikiwa na ulinzi unaokataa kuamsha chochote kisicho na sahihi inayotambulika. Ulinzi huo una sababu nzuri, maana wapo wezi wanaojificha hata kwenye kuamka. Hata hivyo kerneli uliyoikompaili mwenyewe haina sahihi ya mtu, na mashine itaikataa kabla ya mstari wa kwanza. Mwenye mashine aweza kuuzima ulinzi huo, au bora zaidi, kutengeneza ufunguo wake mwenyewe na kuuandikisha ndani ya mashine, ili atie sahihi kerneli zake. Ila kuna mashine zinazotoka maofisini zikiwa zimefungwa kwa neno la siri la mwajiri wa zamani, na hizo ndizo tunazokusanya sasa. Tukizipeleka Kewanja hivyo hivyo tutakuwa tumepeleka ICT 1500 nyingine.

Kwa hiyo naomba haya kwa watakaoleta mashine siku ya mkutano. Waulize maofisini kwao neno la siri la BIOS, liondolewe kabla mashine haijatoka. Wasikubali jibu kwamba fundi yuko safarini. Waje na kumbukumbu za ziada, hata kipande kimoja. Na kama kuna mwenzetu ambaye bado ana CD za Slackware 10 zinazosomeka, asizitupe. Pentium ile ya 2008 bado ipo chumbani, inafundishia, na CD waliyonayo imekwaruzika kiasi kwamba faili la scsi.s halisomeki tena.